Maswali yenu: Nani alitwanga, nani aliandikwa

Barua za wiki hii ni za wanawake na uvumbuzi. Nyingi zinarudia jambo lile lile, kwa hiyo nimechukua tano.

Mwalimu, shikamoo. Kuna mwanamke wa zamani aliyevumbua mashine inayotuhusu wakulima? (Mwanafunzi, Mafinga)

Marahaba. Yupo Sybilla Masters wa Pennsylvania, enzi Marekani ikiwa bado makoloni ya Uingereza. Alibuni mtambo wa mahindi usiosaga kwa mawe bali unaotwanga kwa michi. Michi, mwanangu, kama ule ulioegemea ukuta wa jiko la bibi yako, ila huu uliinuliwa na mashine. Akavuka bahari hadi London kuomba hataza, yaani hati ya serikali inayompa mtu haki ya kumiliki uvumbuzi, na mwaka 1715 ikatoka kwa jina la mumewe, Thomas. Hati yenyewe inasema kitu kimebuniwa na Sybilla, mkewe. Lakini haki ilikwenda kwa mume, maana sheria ya wakati ule haikumruhusu mke kumiliki. Anayepitisha macho kwenye orodha ya hataza anamwona Thomas tu. Kila mnaposoma historia ya ufundi, ulizeni aliyetwanga ni nani.

Ni kweli waipa ya gari ilibuniwa na mwanamke? (Dereva, Ilula)

Kweli. Mary Anderson wa Alabama, hataza ya 1903. Kampuni aliyotaka kuiuzia ilimjibu kwamba haina thamani ya kibiashara. Wewe unayeshuka Kitonga mvua ikinyesha unaijua thamani yake.

Wazungu wanavumbua. Bibi zetu walifanya nini zaidi ya kupika na kulima? (Msomaji, Mbalizi)

Swali hili linarudi kila mara na linaniudhi, kwa sababu anayeuliza hajaliangalia shamba. Nenda Mbinga ukaone ngoro za Wamatengo. Mlima umesimama, lakini mvua haiondoki na udongo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mlima mzima ukawa miraba. Kisha wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kufunika nyasi kwa udongo ule. Linabaki shimo, limezungukwa na matuta. Maji yanatulia shimoni, nyasi zinaoza chini ya tuta na kuwa mbolea. Maharage yanaanza, mahindi yanafuata. Hiyo ni hesabu ya maji na mteremko. Ingechorwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri, ungeiita uhandisi bila kuniuliza. Na vyungu vya akina mama wa Kikisi vinavyouzwa Matema, unadhani udongo unastahimili moto kwa bahati?

Binti yangu anataka kusomea ufundi mitambo. Si kazi nzito kwa mtoto wa kike? (Baba, Tukuyu)

Mpeleke. Injini inanyanyuliwa na cheni bloku, ile winchi ya mnyororo, hata kwa wavulana. Daraja la Brooklyn kule New York, lililofunguliwa 1883, mhandisi mkuu aliugua kazi ikiendelea. Mkewe, Emily Roebling, akajifunza mambo ya nyaya na uimara wa vifaa, akawa ndiye anayefika kazini kupeleka maagizo.

Nimetengeneza kifaa cha kupukuchua mahindi. Shemeji anasema tusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa jina lake, inatosha. (Mama, Makambako)

Haitoshi, mama, na usikubali. Jina la biashara linalinda jina. Kifaa kinalindwa na hataza, nayo ina maombi yake pale pale BRELA. Mbuni aandikwe wewe.

Margaret Knight wa Marekani alibuni mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa. Mwanamume mmoja akaiona mashine hiyo ikiundwa karakanani, akawahi kuiombea hataza. Margaret akaenda kumpinga na michoro yake, kumbukumbu zake na mashahidi, akashinda. Hataza yake ni ya 1871.

Kwa hiyo nunua daftari leo. Chora kila sehemu, andika vipimo na tarehe. Kifaa kisiende maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Uyole kabla hujawasilisha maombi, maana kikishaonyeshwa hadharani unaweza kuambiwa si kipya tena. Shemeji atie saini kwenye daftari, kama shahidi.