Chapa kuuzwa si lazima ishuke ubora

Wapo wanaosema chapa ya zana za umeme ikiuzwa, ubora hushuka. Hapana, si kila chapa ya drili na grenda iliyobadili mmiliki imeshuka ubora. Milwaukee ya Marekani ilinunuliwa na TTI, kampuni ya zana ya Hong Kong, mwaka 2005, na mashine zake za betri za lithiamu zimetamba baada ya hapo. Iliyoporomoka kweli ni Porter-Cable, chapa nyingine ya Marekani: Black & Decker waliichukua 2004, na kwa kuwa tayari walikuwa na DeWalt ya kuwauzia mafundi, hii wakaigeuza ya bei nafuu, ya kazi za nyumbani. Kwa hiyo angalia mmiliki ameiweka chapa ngazi gani. Kutengenezwa China peke yake hakukwambii kitu. Hata Makita ya Wajapani ina kiwanda Kunshan, China.

Mimi kabla ya kununua naikagua mashine yenyewe. Napenda yenye vifuniko viwili vya kufungua kwa bisibisi ubavuni, unabadilisha kaboni (brashi za mota zinazolika) bila kuibomoa yote, na ndani iwe na beringi za gololi, si bushi, yaani pete tupu isiyo na gololi. Ila grenda mpya ikiungua koili mapema, hakikisha kwanza si feki kabla ya kuilaumu kampuni.