Anayekataa Kambi, Mwulize Anakataa Nini

Karibu kila familia ninayoijua hapa Nairobi ina mtu mmoja asiyetaka kusikia habari za kupiga kambi. Kwetu mtu huyo nilikuwa mimi, na sababu zangu zilikuwa na uzito. Nimelelewa Nyandarua, katika nyumba ya mbao ambamo upepo wa usiku ulijipitia utakavyo. Choo kilikuwa ng'ambo ya boma na maji tuliyabeba mgongoni. Nimesoma, nimefanya kazi, nimepata godoro zuri. Mtu akiniambia nilipe pesa nikalale chini, ananirudisha nilikotoka.

Mume wangu alinibembeleza kwa picha za mahema na machweo hadi akachoka. Mambo yalibadilika jioni moja alipoacha kubembeleza akauliza, "Mama Watoto, hasa hasa ni kitu gani hutaki?" Nikamtajia papo hapo: kulala chini, kwenda chooni gizani, mlango wa zipu ambao mtu yeyote anaweza kuufungua, na kuamka matandiko yamelowa. Hakubishana nami. Baada ya muda akarudi na jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria: tukodi karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu, tuikokote kwa gari letu.

Kwa hiyo ukiwa na mwenzi, mzazi au kijana anayekataa kambi, usimsifie uzuri wa nyota. Mwulize anakataa nini, kitu kimoja kimoja, kisha uone ni vingapi vinaweza kuondolewa. Kwangu karavani iliondoa vyote. Ina vitanda vyenye magodoro, mlango wa kufungwa kwa ufunguo, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja na choo kidogo chenye tangi linalovutwa nje na kumwagwa mahali panapofaa. Mvua ikinyesha unaisikia juu ya paa ukiwa umejifunika blanketi. Na kwa kuwa haina injini, mkishafika mnaitenganisha na gari, mnaiacha chini ya mti, kisha mnaenda zenu hifadhi ya Hell's Gate kuendesha baiskeli mchana kutwa.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo hakuna aliyenitajia, na leo ndiyo ninayoithamini zaidi. Mama mkwe wangu ana magoti yanayomsumbua. Hema lingemwacha nyumbani, kwa sababu hawezi kutambaa wala kuinuka kutoka chini. Kwenye karavani anapanda ngazi moja, anakaa kitandani, amefika. Tulipompeleka Naivasha aliketi mlangoni na thermosi yake ya chai, leso magotini, akiwaonyesha wajukuu miti ya migunga ya manjano na kuwaambia ipi ilikuwa dawa ya nini. Usiku viboko walitoka ziwani kuja kula nyasi ng'ambo ya ua wa umeme. Tulizima taa, watoto wakabandika pua zao dirishani. Hatukuona kitu ila kivuli kikubwa, lakini tulisikia nyasi zinavyong'olewa, kafu, kafu. Shosho, nyanya yao, akanong'ona, "Huyu anakula kama ng'ombe wa jirani aliyekata kamba." Watoto walicheka wakiwa wameziba midomo kwa mikono. Nyumbani, saa kama hiyo, kila mmoja angekuwa chumbani kwake na simu.

Ila msianze na Naivasha. Usiku wa kwanza ulale karibu. Karen na Lang'ata kuna viwanja vya kambi ambavyo wasafiri wenye magari ya masafa marefu hupumzikia, vyenye maji, stima na bafu. Mtu anayesitasita akijua kitanda chake kiko nusu saa tu kutoka hapo, moyo wake hutulia, na hapo hapo mtajua ni nini mmesahau. Kiberiti, karatasi za choo na kamba ya kuanikia ni vitu vya kununua Lang'ata, si vya kutafuta gizani kando ya ziwa.

Sasa barabara, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini, maana usalama wa karavani uko kwenye upangaji wa mizigo kuliko kwenye nguvu za gari. Kwanza jua karavani ina uzito gani ikiwa imejaa, kisha soma kwenye kitabu cha gari lako linaruhusiwa kukokota kilo ngapi. Usimwachie mwenye gereji akukisie. Halafu vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli (mhimili wa magurudumu), huku upande wa mbele ukilemea kidogo. Karavani za Ulaya kwa kawaida hutaka asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake ikandamize sehemu inayoshikana na gari. Za Marekani hutaka 10 hadi 15. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukipanga mitungi mitano ya lita 20 nyuma kabisa, umeweka kilo 100 mahali pabaya kuliko pote, na ukifika mwendo wa barabara kuu karavani itaanza kuyumba kushoto na kulia. Ikiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta polepole na ushikilie usukani ukiwa umenyooka. Usikanyage breki ghafla, na usijaribu kukimbia ili uiwahi.

Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90. Ukipita Rironi una njia mbili. Ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ikipita kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Inapendeza macho, lakini ni nyembamba, ina mteremko mkali na malori mengi yaliyolemewa. Sisi tukiwa na karavani hupita ya juu, kupitia Soko Mjinga na Kinungi. Hiyo nayo ina ukungu mzito asubuhi na mapema, kwa hiyo huondoka jua likishapanda. Kwenye mteremko tumieni gia ndogo tangu juu, breki zisije zikashika moto. Soko Mjinga tunanunua viazi, minji na karoti, na hatubebi hata kilo moja ya mboga kutoka mjini.

Na matuta! Yeyote anayeendesha Kenya anayajua. Ukivuka tuta, karavani inalivuka baada yako, na kilichomo ndani kinaruka. Funga kila kabati kwa komeo au kamba. Sahani na vikombe navifunga kimoja kimoja ndani ya leso kuukuu na kuvibana ndani ya sufuria kubwa, kisha kifuniko kinakazwa kwa mpira. Unga na sukari vikae kwenye mikebe inayofunga vizuri. Angalia pia urefu: vyuma vya juu kwenye maegesho ya maduka makubwa viliwekwa kwa ajili ya magari madogo, na paa za baadhi ya vituo vya mafuta ziko chini kuliko zinavyoonekana.

Mkifika, kwanza isawazishe karavani kwa kuivuta ili gurudumu la upande ulioinama lipande juu ya vipande vya mbao. Kisha weka vizuizi kwenye magurudumu kabla ya kuitenganisha na gari. Isipokaa sawa, maji ya sinki hayashuki na friji ya gesi haipoi inavyotakiwa. Ile miguu ya pembeni kazi yake ni kutuliza mtikisiko, haikuundwa kuinua uzito. Madirisha yafungwe hata mkiondoka kwa dakika chache, kwa sababu tumbili wa Naivasha wanaijua mikate.

Jambo moja sitalilegeza hata kidogo. Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi, hasa Julai, na pia Agosti watoto wanapokuwa likizoni. Kutatokea mtu atakayesema tuingize jiko la makaa ndani kwa dakika chache tupate joto. Katazeni. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na chumba kidogo kilichofungwa hujaa haraka. Mtu anasinzia na haamki. Tumesikia misiba ya namna hiyo mara nyingi mno hapa mjini. Jiko la gesi nalo ni la kupikia, dirisha likiwa wazi, si la kuotea moto. Bebeni blanketi za ziada, soksi, na chupa za maji moto za kulala nazo. Shosho hulala na mbili.

Kabla ya kulipia kiwanja chochote cha Naivasha, piga simu uulize mambo mawili: ua wa umeme unawashwa usiku kucha, na maji yamefika wapi? Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda sana na kumeza sehemu za ufuo, kwa hiyo picha nzuri unayoiona huenda ni ya mahali palipo chini ya maji leo. Viboko nao husogea pamoja na maji. Na msimu wa masika, Machi hadi Mei, uliza kama njia ya kuingilia ni ya changarawe. Udongo mweusi ukilowa, gari lenye karavani nyuma halitoki bila trekta.

Kuhusu kununua, kodini kwanza, misimu tofauti, mvua na jua. Wengi wetu tunaishi kwenye fleti zenye nafasi moja ya gari, na karavani inahitaji pa kukaa. Yetu tungelazimika kuihifadhi kwa ndugu Kitengela. Mkifikia kununua iliyotumika, bonyezeni sakafu na pembe za kuta kwa kidole. Mbao ikibonyea au kunuka ukungu, maji yameshaingia, na kuitengeneza huweza kugharimu zaidi ya mlichookoa. Angalieni kwamba ina nambari yake yenyewe, ile inayoanza na Z kama trela zote nchini, na kwamba jina lililo kwenye usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ni la huyo anayewauzia. Halafu mwombeni awashe taa za nyuma zote, breki na indiketa, ikiwa imeunganishwa na gari lenu, kabla pesa haijatoka.