Nimeokoka, mbona kubeti hakujaniacha?

SWALI: Shikamoo mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 29, naendesha bodaboda hapa Mwanza. Pikipiki ni ya bosi, nampelekea hesabu kila Jumamosi usiku. Mwaka juzi niliokoka kwenye mkutano wa injili. Pombe niliacha siku ileile, mpaka leo hata harufu yake siitaki. Ila kubeti kumenishinda. Naacha wiki mbili, tatu, halafu Jumamosi nikiwa kijiweni wenzangu wanasuka mikeka ya kubeti mechi, najikuta na mimi nimeshaweka. Mwezi uliopita niliweka hesabu yote ya wiki, mkeka ukachanika kwa timu moja. Mke wangu nikamdanganya kwamba nilikamatwa na trafiki. Bosi nikamwambia pikipiki ilikuwa gereji. Kesho yake nikasimama kwenye kwaya nikaimba. 2 Wakorintho 5:17 inasema ya kale yamepita. Mbona ya kwangu hayapiti? Au sikuokoka?

JIBU: Marahaba mwanangu, ameni.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mtu ambaye Roho wa Mungu hana kazi naye angeimba ile Jumapili na kwenda nyumbani kula wali wake kwa amani. Wewe umeimba huku unaungua ndani, na mwezi mzima baadaye bado unaungua. Sioni hapo dalili ya mtu ambaye hakuokoka. Naona mtu aliyeokoka ambaye kuna chumba kimoja cha nyumba yake hajakifungua.

Hebu tulitazame jambo moja uliloliandika bila wewe mwenyewe kulisimamia. Pombe iliondoka siku moja, kubeti kumebaki. Kwa nini? Pombe uliiacha mbele za watu. Kijiwe kizima kilijua, mke wako alijua, hata mwenye kilabu alijua kwamba huyu hatarudi. Kubeti hukumwambia mtu. Kulibaki kwenye simu, mfukoni, ukaingia nako kanisani. Kile ulichokitoa nje kikafa. Hiki ulichokificha kinaendelea kula.

Efeso kulitokea jambo la namna hiyo. Matendo 19:18 inasema wengi wa wale walioamini walikuja wakaungama, wakidhihirisha matendo yao. Soma tena: walioamini. Paulo alikuwa amefundisha katika mji ule zaidi ya miaka miwili. Watu walikuwa wamemwamini Bwana, na nyumbani mambo yao ya zamani yalikuwa bado yapo. Ndipo wale waliotumia mambo ya uganga wakaleta vitabu vyao, wakavichoma moto mbele ya watu wote. Thamani yake ilihesabiwa ikafika fedha 50,000. Wafasiri wengi wanaona hizo ni drakma, na drakma moja ilikuwa kama ujira wa kibarua kwa siku. Hesabu hiyo mwenyewe. Wangeweza kuviuza, wakatoa hata sadaka nono. Walivichoma, na walivichoma hadharani, kwa hiyo kesho yake hakuna ambaye angemfuata mmoja wao uchochoroni kumwomba dawa.

Ni waamini wa mji huohuo ambao Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia wavue "utu wa zamani, unaoharibika kwa kuzifuata tamaa zenye kudanganya", wafanywe wapya katika roho ya nia zao, wauvae utu mpya (Waefeso 4:22-24). Katika Kiyunani, kuvua na kuvaa kumesemwa kama tendo la mara moja, kama unavyovua shati. Lakini "mfanywe wapya" kumesemwa kama kazi inayoendelea. Kwa hiyo andiko ulilolishika la Wakorintho ni kweli, umekuwa kiumbe kipya, na nia ya kiumbe huyo bado inafanywa upya siku kwa siku. Mambo hayo mawili hayagombani.

Na tazama Paulo anavyoiita tamaa: yenye kudanganya. Wewe umesema mkeka "ulichanika kwa timu moja". Hapo ndipo uongo ulipo, mwanangu. Moyo unakwambia ulikaribia, bado kidogo tu, Jumamosi ijayo utapata. Lakini mkeka wa timu kumi, hata tuseme kila mechi ina nafasi nusu kwa nusu, ni nafasi moja katika 1,024. Ukikosa timu moja au ukikosa tisa, unarudi nyumbani na sifuri ileile. Hukukaribia chochote.

Bibi yangu alikuwa msichana wakati uamsho uliowaka Gahini kule Rwanda na kwa ndugu wa Uganda, miaka ya 1930, ulipofika kwetu Bukoba. Watu wa uamsho walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni. Mtu alisimama kati ya ndugu akaitaja dhambi yake kwa jina lake, kisha akaenda kurudisha alichochukua. Bibi alikumbuka asubuhi moja jirani alifika uani kwa baba yake na jembe mkononi. Hakukaa. Aliliweka chini kizingitini, mpini wake umelainika na kung'aa kwa miaka aliyolimia nalo, akasema, "Hili ni lako, niliiba mimi." Baba yake bibi alikuwa ameshasahau kama aliwahi kuwa na jembe lile. Lakini mwenye kuliiba hakuwa amesahau hata siku moja.

Hesabu ya bosi ndiyo jembe lako. Najua neno hili litakuuma, lakini fedha ile haikuwa yako, na Waefeso 4:28, "Mwibaji asiibe tena", liliandikwa kwa watu wa kanisani. Mstari hauishii hapo. Afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Mkono uliozoea kuchukua unafundishwa kutoa. Ukishamaliza deni, kile ulichokuwa unaweka kwenye mkeka kila wiki kitafutie mtu, mjane wa jirani yako au mtoto asiye na daftari. Nafasi ikiachwa tupu itajazwa na kitu kingine. Bwana alishasema habari za nyumba iliyofagiwa ikakosa mwenyeji, pepo akarudi na wenzake.

Kabla ya hayo yote, mke wako. "Uvueni uongo, mkaseme kweli kila mtu na jirani yake" (Waefeso 4:25), na jirani wa kwanza ni huyo mnayelala naye chumba kimoja. Mwambie usiku watoto wakilala. Usianze na hali ngumu ya maisha wala vijana wa kijiweni. Sema: nilibeti hesabu, trafiki ilikuwa uongo. Akilia, mwache alie. Akikasirika ana haki, na usimdai msamaha usiku huohuo eti kwa sababu ameokoka.

Kisha bosi. Anaweza kukunyang'anya pikipiki, siwezi kukuahidi vinginevyo. Zakayo, yule mtoza ushuru, naye hakujua kesho yake itakuwaje alipotamka kurudisha mara nne.

Warumi 13:14 inatuambia tumvae Bwana Yesu Kristo, wala tusiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake. Kwako hilo lina sura ya kawaida sana. Akaunti ya kubeti ifungwe kabisa. Kufuta programu pekee hakutoshi, unairudisha kwa dakika mbili. Hesabu mwombe bosi umpelekee kila jioni, isikae mfukoni hadi Jumamosi. Mpe mke wako simu yenye hela mpira wa Uingereza unapoanza, na saa hizo usikae kijiweni, tafuta abiria stendi. Mzee mmoja wa kanisa ajue kila kitu na awe na ruhusa ya kukuuliza. Kwaya usiiache, ila mwalimu wa kwaya naye umweleze, yeye ataamua kama upumzike kidogo.

Ukifanya haya na bado mkono unakwenda wenyewe, nenda hospitali umwone mshauri. Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari iliyomshinda mtu katika orodha ya magonjwa. Kutibiwa si kukosa imani, kama vile kumeza dawa ya malaria si kukosa imani.

Na ukianguka tena? Simama siku hiyohiyo na useme siku hiyohiyo. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba, na bado anaitwa mwenye haki. Usikae wiki tatu na siri, maana ndani ya siri hiyo ndimo mkeka mwingine unasukwa.

Zungumza na mke wako kabla ya Jumamosi hii. Kwa bosi, ukiona miguu inakataa, niambie, tutakwenda wote. Mimi Jumamosi kuanzia saa kumi na moja jioni nitakuwa nimepiga magoti kwa ajili yako.