Wadogo zangu wa vituo vya hewa, msifukuzie moshi

Wiki hii nimepitia grafu za ozoni za vijana watatu wapya. Zote tatu zina kosa nililolifanya mimi, kwa hiyo leo mtanivumilia.

1. Ozoni ya chini, ile gesi chafu tunayoivuta huku ardhini, haitoki kwenye ekzosi. Mlilisoma chuoni, lakini mkifika fildi mnafunga mashine ya kuipima penye moshi mwingi. Oksidi za nitrojeni pamoja na mvuke wa petroli, rangi na thina hupikwa na jua, na vinapoiva, alasiri, upepo umeshavihamisha.

Mimi nilifunga yangu Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, malori ya bandarini yanapopanga foleni. Kila asubuhi mstari wa ozoni ulizama karibu na sifuri. Nikaandika ripoti kwamba hapo ozoni si tatizo, nayo ikasomwa vikaoni kwa miezi bila mtu kuihoji. Kumbe nitriki oksidi mbichi ya dizeli ilikuwa inaila ozoni palepale na kugeuka nitrojeni dioksidi. Mashine ya kupima hizo oksidi ningekuwa nayo, ningeliona. Nilikuwa nimeiacha stoo kwa sababu ni nzito.

Aliyenizindua ni mzee wa ngalawa kule Kigamboni. Nilimwamkia, tukaongea, akaniuliza: "Mwanangu, sisi tunatoka na umande, mchana upepo wa bahari unaturudisha. Huo moshi wenu mbona mnadhani haurudi?" Sikuwa na jibu. Usiku upepo wa nchi kavu unaisukuma hewa ya mji baharini. Kule inalala kwenye tabaka jembamba, maji hayaili ozoni kama majani na udongo, na meli zinaongeza moshi wake. Jua likipanda, mchanganyiko unaiva. Upepo wa bahari unaurudisha, unapita juu ya mji na kuzoa mwingine, unaupeleka bara.

Tukahamia Pugu, vilimani upande wa bara. Saa tisa alasiri mstari ulipanda hivi kwamba nilikalibreti (kurekebisha vipimo) mara mbili nikidhani mashine imekufa. Haikuwa imekufa. Chini yangu watoto wa shule walikuwa wanacheza mpira, wakihema kwa nguvu, hewa ileile niliyoisemea kuwa salama. Barua ya kufuta ripoti ile niliiandika kwa siku tatu, na bado naikumbuka kila neno.

2. Bomba la kuvutia hewa liwe la tefloni. Bomba la mpira linakula ozoni kabla haijafika kwenye mashine.

3. Msichukue wastani wa saa 24, usiku unaficha mchana. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa saa 8.

4. Uelekeo wa upepo, kila saa. Jamani, kila saa.

5. Jumapili malori yakipungua, ozoni mjini inaweza kupanda badala ya kushuka, maana nitriki oksidi ya kuila imepungua. Los Angeles walishaliona hilo zamani. Wewe uliyetaka kuzifuta zile alama za Jumapili alasiri ukidhani ni hitilafu, ziache kwanza. Nipigie, tuzisome pamoja na upepo wa siku ile.