Binti yangu ana miaka 14: nimwachie ajitoe mkojo mwenyewe?

SWALI: Ndugu Mshauri, binti yangu alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukufunga vizuri tumboni, anatumia kiti mwendo na sasa yuko kidato cha kwanza. Tangu akiwa mdogo, ni mimi ninayemtoa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye tundu la mkojo, na kila siku saa nne asubuhi huacha genge langu kwenda shuleni kwa kazi hiyo. Juzi aliniambia kwamba anaona haya wenzake wanaponiona nikifika na mkoba. Nesi wa kliniki anasema anaweza kujifunza, lakini naogopa atajiumiza au atasahau. Nifanye nini? – Mama, Morogoro.

JIBU: Mama, miaka yote hiyo umelinda figo za mwanao, na hofu yako naielewa. Hata hivyo, nakubaliana na nesi, kwa kuwa watoto wengi wenye mgongo wazi ambao mikono yao ina nguvu hujifunza kazi hii hata kabla ya kufika umri wa binti yako. Tangu mwaka 1972, Dkt. Jack Lapides wa Marekani alipoieneza njia hii, imefahamika kwamba mikono iliyooshwa vizuri kwa sabuni na mpira safi vinatosha, pasipo masharti ya chumba cha upasuaji. Kati ya hofu zako mbili, ya kusahau ndiyo nzito zaidi, kwa sababu mkojo unaokaa muda mrefu huleta maambukizi, na shinikizo lake huweza kuharibu figo.

Nesi amfundishe yeye, nawe ukae pembeni. Wasichana wengi huanza kwa kioo kidogo kilichowekwa kati ya mapaja ili waone tundu la mkojo, na baada ya wiki kadhaa mkono huzoea, kioo kikawekwa kando. Aanzie nyumbani siku za mapumziko, wewe ukiwa chumbani, kisha nje ya mlango. Saa ya mkononi yenye kengele imkumbushe muda aliopangiwa na daktari, ambao kwa kawaida ni kila baada ya saa tatu au nne. Kabla hujaacha kwenda shuleni, mwombe mwalimu mkuu choo chenye maji, komeo na nafasi ya kiti kugeuka, kwa maana bila hicho tutakuwa tumemtwisha mtoto mzigo usiobebeka.

Ajue pia kwamba homa, au mkojo wenye ukungu na harufu kali, ni jambo la kukuambia siku hiyo hiyo. Kwa kuwa wenye mgongo wazi hupata kwa urahisi mzio wa lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira, azoee kuuliza glavu na mpira vimetengenezwa kwa malighafi gani.

Kliniki ijayo, daktari akiuliza hali, mwache binti ajibu. Huenda ataeleza nusu, kisha atakugeukia. Vumilia kimya hicho, wala usimmalizie.