Barua kwa mwanangu: je, lazima mtu wa nchi ndogo aondoke kwao?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na swali lako nimeona nilijibu kwa maandishi maana kwenye simu tungekatishana. Umeuliza hivi: ikiwa watu mashuhuri wa nchi ndogo karibu wote waliondoka kwao ndipo wakajulikana, nchi hizo ziliwapa nini zaidi ya kuwazaa?

Ziliwapa mengi, na yaliyo mengi hayaandikwi magazetini. Chukua Saint Lucia, kisiwa cha Karibi chenye watu wapatao 180,000. Kimetoa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel: Arthur Lewis wa uchumi mwaka 1979, na Derek Walcott wa fasihi mwaka 1992. Wote wawili walizaliwa mjini Castries tarehe 23 Januari, mmoja 1915, mwingine 1930, na wote walilelewa na mama mjane.

Mama yake Walcott, Alix, alikuwa mwalimu, na alishona nguo pia ili watoto wake wapate riziki. Derek alipokuwa na miaka 18 alimwendea akamwambia anataka kuchapisha mashairi yake, na gharama ni dola 200. Kwa mshahara wa mwalimu wa kisiwani, mwaka 1948, hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Alix akazitafuta, akampa. Kitabu kikachapwa Trinidad, kijana akakiuza mwenyewe kwa watu wa mjini kwao mpaka gharama ikarudi. Chuo kikuu cha Jamaica kilifuata baadaye. Kwa hiyo kabla hajavuka bahari kwenda kusoma, tayari alikuwa mshairi mwenye wasomaji, na wasomaji wenyewe ni jirani zake.

Lewis naye alimaliza shule akiwa na miaka 14, akawa karani serikalini huku akingoja umri wa kufanya mtihani wa ufadhili. Alitamani uhandisi. Lakini si serikali ya kikoloni wala makampuni ya wazungu yaliyokuwa tayari kumwajiri mhandisi mweusi, basi akachagua masomo ya biashara, akaenda London mwaka 1933. Inaniuma kila ninaposikia mtu wa namna hii akisemwa kwamba kisiwa chake kilikuwa kidogo kwake. Aliyemfungia mlango ni mkoloni.

Wapo waliokwenda kwa sababu ya vifaa tu. Mwogeleaji Anthony Nesty wa Suriname, nchi ya Amerika Kusini, alifanya mazoezi Florida, kisha kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akashinda mita 100 za kuogelea kwa mtindo wa kipepeo kwa sekunde 53.00, Matt Biondi wa Marekani akimfuata kwa 53.01. Bendera iliyopandishwa ni ya Suriname.

Halafu yupo Cesária Évora wa Cabo Verde, ninayempenda kuliko wote. Miaka mingi aliimba katika baa za Mindelo kwa malipo madogo, kuna wakati akaacha kuimba kabisa, na alikuwa amevuka miaka 45 alipokwenda Paris kurekodi mwaka 1988. Dunia ikamkuta vilevile alivyokuwa: anapanda jukwaani peku, anaimba kwa Krioli ya visiwani kwao. Umaarufu ulipokuja hakuhama. Ziara ikiisha alirudi Mindelo, na alifariki kisiwani kwake São Vicente mwaka 2011. Leo uwanja wa ndege wa kisiwa hicho una jina lake.

Na Julien Alfred umemwona mwenyewe. Alitoka Saint Lucia akiwa na miaka 14 kwenda Jamaica kutafuta mazoezi, akaishia Texas, na mwaka 2024 jijini Paris akashinda mbio za mita 100 kwa sekunde 10.72. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Alipozungumza na waandishi wa habari alikumbuka alivyokuwa akikimbia peku na sare ya shule, akasema anatumaini medali hiyo itasaidia kujengwa uwanja mpya nyumbani. Binti wa miaka 23, ameshika dhahabu, anawaza watoto watakaokimbia baada yake.

Najua swali lako limetokana na nafasi uliyopata ya kwenda mbali, ingawa hukuitaja ila mwishoni. Nenda, mwanangu, kama kazi unayoipenda iko huko. Nauli ikipungua niambie mapema, tutaitafuta.

Akupendaye,
Mama yako