Kabla hamjamwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, waulizeni wapangaji wenu

Habari za jioni ndugu zangu. Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema mtaa wenu umepakana na chuo kikuu, umoja wenu wa wakazi una miezi mitano, na mmechoshwa na kelele za usiku, taka mtaroni na wanafunzi wanaohamia na kuhama bila hata jirani kuwajua majina. Sasa mnataka kumpelekea Makamu Mkuu wa Chuo barua ya malalamiko yenye sahihi za wakazi wote, na umeomba maoni ya waliokwisha kupita njia hiyo.

Mimi ni katibu wa umoja kama wenu, hapa Morogoro, mwaka wa tisa huu. Vyuo kwetu si kimoja, na chetu sitakitaja. Nitakueleza tulivyofanya, na tulipokosea nitapasema wazi, maana ndipo penye faida kwako.

Barua hiyo sisi tuliiandika. Kurasa tatu, sahihi 64, muhuri wa serikali ya mtaa, nakala kwa Mkurugenzi wa Manispaa na kwa Mkuu wa Wilaya. Tulisubiri wiki saba. Jibu lilikuja la mistari minne: barua yenu imepokelewa na inafanyiwa kazi. Baada ya hapo kimya, na mwenyekiti wetu akataka tuandike nyingine kali zaidi. Nashukuru hatukuiandika. Ile ya kwanza ilikuwa imebeba mambo ya ofisi nne katika bahasha moja. Mwenendo wa wanafunzi ni kazi ya Mshauri wa Wanafunzi. Majitaka, mitaro na uzio ni kazi ya watu wa milki, yaani ofisi ya majengo na maeneo ya chuo. Mageti yako chini ya mkuu wa ulinzi, na watafiti wanaokuja na madodoso wana kurugenzi yao. Barua ya namna ile ikifika masjala inapelekwa kwa ofisa mmoja, naye akiona robo tatu si zake anaiweka pembeni. Tulipokuja kuandika barua nne, kila moja ukurasa mmoja na jambo moja, tulijibiwa tatu ndani ya mwezi.

Lakini hilo la barua ni jambo dogo. Kilichotubadilisha ni usiku mmoja wa mwezi wa tatu.

Tulikuwa na ulinzi shirikishi, vijana sita wa mtaa, kila nyumba inachangia shilingi 3,000 kwa mwezi. Saa 2 usiku, binti wa mwaka wa pili aliporwa simu na begi kwenye njia ya kando ya korongo. Akakimbia mpaka kwenye kibanda cha walinzi wetu. Kijana wa zamu akafungua daftari, akatafuta namba ya nyumba, akamwambia chumba chako hakimo kwenye orodha ya wanaolipa, nenda kawaambie walinzi wa chuo. Binti akaenda getini kwa chuo. Kule akaambiwa tukio limetokea nje ya eneo lao, arudi mtaani. Alifika kwangu saa 4, mguu mmoja hauna kiatu, akapiga magoti kunisalimia, shikamoo mama, kisha akashindwa kuendelea kusema. Nilimchemshia maji aoge, nikampa kanga, akalala chumba cha wanangu. Asubuhi nilikwenda naye polisi.

Alikuwa amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu kwa miezi minane. Sikuwa najua jina lake.

Nilipolipeleka jambo hili kwenye kikao cha kamati, baadhi waliona kijana wa zamu alifuata utaratibu, na ni kweli aliufuata. Utaratibu ndio ulikuwa mbovu, na tuliutunga sisi. Tulijiita umoja wa wakazi, lakini kwenye daftari kulikuwa na wenye nyumba peke yao. Wapangaji walikuwa wengi kuliko sisi na hawakuwa na jina, sauti wala mlinzi.

Hapa niseme kidogo kuhusu sababu, kwa sababu naona wengi kwenye uzi huu mnawalaumu wanafunzi kwa kuishi mtaani kana kwamba walichagua. Vyuo vyetu vingi viliwekwa nje ya mji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 katika jengo la mtaa wa Lumumba na kikahamia Mlimani 1964, wakati huo ni pori tu. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ilipoanza 2007 ilipewa vilima vya nje ya mji. Mji ukavifuata vyuo, mashamba yakawa viwanja, viwanja vikawa vyumba vya kupanga. Kisha ikaja Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kwa sheria ya 2004, na watoto wa wakulima wakaingia chuoni kwa idadi ambayo mabweni hayakujengewa. Hata pale Mlimani, mabweni mapya yaliyofunguliwa 2017 yana nafasi 3,840, na bado vyumba vya kupanga huko jirani havikai vitupu. Kwa hiyo wanafunzi watakuwa mtaani kwako mwakani na mwaka wa kufuata. Na mtu mwenye miaka 18 anayeishi mtaani ni mkazi. Anaingia mkutano mkuu wa mtaa, na akiwa raia anajiandikisha kumpigia kura mwenyekiti kama wewe.

Basi tukabadilisha katiba ya umoja. Tuliongeza nafasi mbili za wapangaji kwenye kamati, moja lazima ashike mwanafunzi, achaguliwe na wenzake. Chumba kikachangia shilingi 1,000 ya ulinzi. Mwanzoni tulikusanya kila tarehe 5 ya mwezi, tukaambulia patupu, wazee wakaanza kusema nilijua tu. Yule mjumbe mwanafunzi ndiye aliyetufungua macho: bumu, yaani pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, haliingii kila mwezi, na siku linapoingia ndiyo siku ya kukusanya ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Tukaenda na kalenda yao. Tangu hapo wanalipa vizuri kuliko baadhi ya wenye nyumba.

Kikao cha kwanza alichoingia sitakisahau. Ajenda ilikuwa kelele za Alhamisi. Tulishasema maneno mengi kuhusu vijana wasio na malezi. Akaomba nafasi, akasimama, akasema, "Shikamooni wazazi. Naomba radhi kwa mageto yetu, hivi vyumba tulivyopanga, mengine kweli yanasumbua, nimeyaandika hapa ni manne. Lakini muziki wa Alhamisi mpaka saa 9 usiku unatoka baa, na baa si ya chuo." Mwenye baa alikuwa mezani nasi, mjumbe wa kamati, mtu tunayemheshimu. Kikao kizima kilitazama chini. Mwenye baa mwenyewe ndiye aliyevunja ukimya, akasema kijana amesema kweli, nipeni wiki mbili. Aligeuza spika zikaelekea barabarani na anazima saa 5. Yale mageto manne alikwenda kijana mwenyewe, akayamaliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kelele za kukera watu, na tulikuwa tayari kuitumia, ila haikuhitajika.

Kuhusu wenye nyumba wenzangu, nitasema na wanaonuna wanune. Chumba cha 50,000 tunadai kodi ya miezi sita mkononi, dalali achukue ya mwezi mmoja. Hiyo ni 350,000 kabla mtoto hajanunua godoro. Kwa bumu la 10,000 kwa siku, ni siku 35 za chakula na malazi zimekwenda siku moja. Halafu vyumba kumi na viwili choo kimoja, wala mwenye nyumba halipii gari la taka. Taka zitakwenda wapi kama si mtaroni? Tulipofanya hesabu ya taka nyumba kwa nyumba, nyumba tisa zilizokuwa hazilipi zilikuwa zote za kupangisha, na wenyewe wanakaa mji mwingine. Tukatengeneza mkataba wa ukurasa mmoja: kodi, choo, taka, umeme, muda wa taarifa ya kuhama, jina na simu ya ndugu wa mpangaji. Mtendaji wa mtaa anagonga muhuri. Mshauri wa Wanafunzi alipouona aliomba nakala, na siku hizi wanafunzi wakienda kwake kuulizia chumba anawaelekeza kwanza kwenye nyumba zenye mkataba ule. Wenye nyumba waliokuwa wanaupinga walikuja wenyewe kuomba fomu.

Sasa korongo, ambalo nadhani ndilo linalokusumbua zaidi. Kwetu masika maji yanashuka kutoka Uluguru kwa nguvu, na mabwawa ya majitaka ya chuo yako juu yetu. Mwaka mmoja yalifurika usiku wa manane yakaingia nyumba ya bibi mmoja jirani yangu. Asubuhi tulikwenda kumsaidia kutoa tope. Kwenye mguu wa kitanda chake palikuwa pameganda karatasi za majaribio ya wanafunzi, zenye alama za kalamu nyekundu, 14 juu ya 20. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ningeweza kuandika kurasa kumi.

Badala yake tulimwomba mhadhiri mmoja, ambaye ni mpangaji mtaani kwetu, atupatie wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Wakaja watatu na vifaa vya kupimia, wakashinda kwenye korongo majuma matatu. Tuliwapikia ugali na dagaa zamu kwa zamu. Mchoro wao ulionyesha mambo mawili. La kwanza, ukuta wa bwawa la mwisho umetitia na maji yanapita juu yake, hilo ni la chuo. La pili, kalavati la chini ya barabara limezibwa nusu na msingi wa nyumba ya mwenzetu, hilo ni letu. Tulipokwenda ofisi ya milki tulibeba mchoro wenye vipimo, na tukaanza kwa kueleza la kwetu na tarehe tuliyokubaliana kubomoa. Ofisa aliukunjua mezani, akaita fundi wake, wakainama juu yake robo saa nzima. Mtambo wa kijiko wa kuchimbia ulikuja kabla mwezi haujaisha. Ukuta wa bwawa ulichukua mwaka mzima wa bajeti, siwezi kusema ulikuwa mteremko, lakini ulijengwa.

Jambo la mwisho hamkuliuliza, na litawafika. Madodoso. Kila mwaka vijana wanakuja na barua za utambulisho, zimepita kwa Katibu Tawala, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwetu. Wanauliza maji, malaria, kipato, idadi ya watoto. Kuna mzee wetu, sasa ni marehemu, alikuwa anakaa kwenye mkeka chini ya mwembe wake. Siku moja alimsikiliza mtafiti mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, mwaka jana alikuja mwenzako, na mwaka juzi mwingine. Wote niliwajibu. Yale majibu yangu mlikuwa mnayapeleka wapi?" Kijana hakuwa na jibu, na si kosa lake. Ripoti zinaandikwa kwa Kiingereza, kurasa mia, zinakaa maktaba ya chuo mita mia tano kutoka kwa yule mzee.

Tuliamua kwamba mtafiti yeyote anakaribishwa, ila akimaliza ataleta ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili na kuusoma mbele ya mkutano wa mtaa. Kurugenzi yao ya utafiti ilikubali kuliweka hilo kwenye barua ya utambulisho. Si wote wanaotimiza. Lakini kurasa tulizonazo kwenye faili ni 23, na mmojawapo, wa kupima maji ya visima vitano, ulitufanya tufunge kisima kilichokuwa karibu na vyoo. Watoto walikuwa wanakunywa pale.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu. Iacheni hiyo barua kwanza. Itisheni kikao cha wapangaji, Jumapili jioni, si katikati ya wiki wala wakati wa mitihani. Wachague wao mtu wao. Muulizeni yeye orodha ya kero, mtashangaa ngapi ni zenu. Kisha nendeni kwa Mshauri wa Wanafunzi mkiwa naye, watatu tu, msiende kundi. Na ombeni dakika kumi na tano kwenye wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza. Ratiba yake inapangwa mapema, kwa hiyo ombi liwe limefika kabla ya Septemba. Mimi huenda na kijana wa ulinzi shirikishi, nawatajia njia za kuepuka usiku na namba ya kibanda, na yeye anasimama wamwone sura.

Mkataba wa ukurasa mmoja ninao kwenye kompyuta ya ofisi ya mtaa. Kesho asubuhi nikifika nitaupandisha hapa, mbadilishe majina mtumie.